Usiifute Kabla Hujaiuliza

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na tangu hapo watu ambao hawakuwahi kuwaza habari za Linux wamejikuta mlangoni pake. Ni walimu wa sekondari, wanafunzi wa vyuo, wahasibu wa vikoba, wenye vibanda vya steshenari. Kompyuta zao bado nzima, ila Windows 11 inazikataa kwa kuwa hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa zake zimepitwa na wakati. Basi mtu anaazimwa flashi na rafiki, anaweka toleo la Linux kama Ubuntu au Linux Mint, na kompyuta inakuwa nyepesi kuliko alivyoizoea. Kisha anatafuta waifai. Si kwamba nywila imekataliwa. Orodha yenyewe ya mitandao haipo.

Anaibeba kwa fundi. Fundi anabonyeza hapa na pale, anazima na kuwasha, halafu anatoa hukumu: "Mwalimu, Linux ndivyo ilivyo, haipatani na waifai. Nikupigie Window?" Mwalimu anakubali, analipa, na anarudi nyumbani na mfumo ulioachwa na walioutengeneza, mara nyingi nakala isiyo na leseni, iliyofunguliwa kwa programu ambayo hakuna ajuaye imetoka wapi wala inafanya nini usiku mwenyewe akiwa amelala.

Naipinga hukumu hiyo. Kompyuta ya Linux inayokataa kuunganika karibu kila mara inaijua sababu, na imekwisha kuiandika mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma. Kinachokosekana ni mazoea ya kusoma. Tumewalea mafundi wetu katika kufuta na kuanza upya, na mazoea hayo yanatugharimu mafaili ya watu, fedha za watu, na vibaya zaidi, yanatunyima elimu iliyolala pale pale kwenye meza ya fundi.

Tuanzie kwenye kompyuta yenyewe. Laptopu nyingi tunazonunua ni mtumba: zimetumika ofisini Ulaya au Marekani, nyingine zimepita Dubai, zikaishia Kariakoo au kwenye maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi. Mnunuzi anauliza prosesa, anauliza RAM, anauliza diski, anauliza betri inakaa saa ngapi. Hakuna anayeuliza kadi ya mtandao. Ni kipande kidogo kilichofichwa chini ya kifuniko, na aliyeitengeneza laptopu si aliyekitengeneza. Laptopu mbili za modeli moja, zenye kava moja na bei moja, zinaweza kuwa na kadi za kampuni mbili tofauti. Moja inashika mtandao dakika ileile Linux inapowaka, nyingine inakaa kimya, na wenye laptopu hizo wanabaki kubishana kama Linux ni nzuri au mbaya.

Kadi hiyo ina namba inayoitambulisha. Ukifungua terminali na kuandika lspci -nnk, kompyuta inakuorodheshea vifaa vyake, kila kimoja na namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili. Ya kwanza ni ya mtengenezaji: 14e4 ni Broadcom, 10ec ni Realtek, 168c ni Atheros, 8086 ni Intel, kampuni iliyojichagulia namba ya prosesa yake maarufu ya mwaka 1978. Chini ya kifaa huwapo mstari unaotaja draiva, yaani programu inayokiendesha. Mstari huo ukiwapo, keneli, yaani kiini cha Linux, imeitambua kadi na kuipa msimamizi. Usipokuwapo, umekwisha kupata nusu ya jibu, na hujapoteza faili hata moja la mwenye kompyuta.

Nusu ya pili mara nyingi ni famwea, na hapo ndipo palipo na historia ambayo kila fundi wetu angepaswa kufundishwa. Kadi ya waifai ya siku hizi ni kompyuta ndogo ndani ya kompyuta. Ina prosesa yake, na prosesa hiyo inahitaji programu yake, ambayo ndiyo famwea. Watengenezaji wengi, ili kupunguza gharama, hawaihifadhi programu hiyo ndani ya kadi. Wanategemea draiva iipakie upya kila kompyuta inapowashwa. Kwa hiyo draiva inaweza kuwapo, ikaitambua kadi, ikaiamsha, kisha ikakosa faili la kuilisha. Kadi inabaki haina nguvu. Haijaharibika, na Linux haijaharibika. Kinachokosekana ni faili moja, pengine dogo kuliko picha uliyopiga jana kwa simu.

Kwa nini faili hilo lisiwekwe tu ndani ya Linux? Kwa sababu ni mali ya kampuni, na si kila kampuni ilitoa ruhusa ya kulisambaza. Broadcom ndiyo iliyowatesa watu zaidi. Kadi zake zilijaa kwenye laptopu za katikati ya miaka ya 2000, nayo haikutoa draiva ya Linux wala maelezo ya jinsi chipu zake zinavyofanya kazi. Watu waliojitolea wakaamua kulichunguza fumbo kwa njia safi kisheria: kundi moja lilichambua draiva ya kampuni na kuandika maelezo ya kile chipu inachotarajia, kundi jingine, ambalo halikuigusa draiva hiyo, likaandika draiva mpya kwa kufuata maelezo hayo peke yake. Matunda yake yaliingia kwenye Linux 2.6.17 mwezi Juni 2006, na toleo lililoboreshwa, liitwalo b43, likafuata kwenye Linux 2.6.24 mwezi Januari 2008. Famwea yenyewe hawakuwa na haki ya kuigawa. Wakatengeneza programu ndogo ya kuikata kutoka ndani ya draiva ya Broadcom, ili kila mwenye kadi ajikatie mwenyewe. Septemba 2010 hatimaye Broadcom ilitoa draiva ya wazi, lakini kwa chipu zake mpya. Zile za zamani, ambazo ndizo zinazotufikia sisi kama mtumba, ziliachiwa wale waliojitolea.

Mmoja wao nataka nimtaje kwa jina, kwa sababu anatudai shukrani bila sisi kumjua. Larry Finger alikuwa mwanasayansi wa fuwele nchini Marekani. Tangu mwaka 2005 mpaka alipofariki Juni 2024 aliandika na kurekebisha draiva za waifai, za Broadcom kwanza kisha za Realtek, akaacha zaidi ya mabadiliko 1,500 ndani ya keneli. Hakuna kampuni ya kadi iliyokuwa inamwajiri kwa kazi hiyo. Alikuwa akiwajibu watu wenye kadi za bei rahisi, mmoja baada ya mwingine, akiwauliza jambo lilelile: kompyuta yako imesema nini? Niandikie ilivyoandika.

Swali hilo ndilo ninalotaka lihamie kwetu. Keneli ya Linux inaandika kila inachokutana nacho tangu inapoamka, na ukiandika sudo dmesg unayaona yote. Mwenye kadi ya zamani ya Broadcom atakuta b43 ikilalamika kwamba faili la famwea halikupatikana, na mstari unaofuata ukimpa anwani ya ukurasa wa kulichukulia. Hebu fikiria: kompyuta imetaja ugonjwa, imetaja dawa, imetaja na duka la dawa, lakini mwenye kompyuta ameambiwa Linux haipatani na waifai. Mwenye kadi ya Intel atakuta mstari unaosema faili fulani la iwlwifi limeshindwa kupakiwa kwa kosa namba -2, na katika lugha ya keneli hiyo -2 ina maana moja tu, faili halipo. Hapo inahitajika subira kidogo. Draiva ya Intel hujaribu toleo jipya la famwea kwanza, ikilikosa inashuka kwa la zamani zaidi, hivyo mistari miwili mitatu ya -2 haimaanishi kitu kama mwishoni imepata linalofaa. Anayesoma mstari wa kwanza na kukimbia atatibu ugonjwa usiokuwapo. Soma mpaka mwisho.

Haki inataka niseme kwamba mambo yamekuwa mepesi. Debian, toleo jingine la Linux, ambayo kwa miaka mingi ilikataa kuweka famwea zisizo huru kwenye diski yake rasmi ya kusakinishia, ilipiga kura mwaka 2022 na kuamua kuziweka, na Debian 12 iliyotoka Juni 2023 ilikuja nazo. Nauheshimu msimamo wao wa zamani. Ulikuwa wa kweli na uliwasukuma watengenezaji. Lakini wenye kulipa gharama ya msimamo huo hawakuwa watengenezaji. Aliyelipa alikuwa mwanafunzi mwenye laptopu ya mtumba ambaye, ili apate mtandao, alihitaji kupakua faili, na ili apakue faili, alihitaji mtandao. Nafurahi kwamba waliamua kama walivyoamua.

Fundo hilo la kuhitaji mtandao ili upate mtandao bado linawakamata wengi, na ufumbuzi wake uko mfukoni. Chukua simu ya Android, iunganishe na kompyuta kwa waya wake wa kuchajia, ingia kwenye mipangilio ya simu na uwashe kushirikisha intaneti kwa njia ya USB. Linux itaiona simu kama kadi ya mtandao ya waya, bila kusakinisha chochote. Na simu inaweza kuwa imeunganika kwenye waifai ya shule au ya jirani, hivyo hata bando halihitajiki. Hakikisha tu kwamba waya wenyewe unapitisha data, kwa sababu nyingi za bei ya chini zinapitisha chaji peke yake. Ningependa kila fundi anayesakinisha Linux alijue hili kabla ya kitu kingine chochote.

Si kila ukimya ni wa famwea, bila shaka. Kuna laptopu ambazo waifai imezimwa kwa swichi ya pembeni ambayo mwenyewe hajawahi kuiona, au kwa kitufe cha juu ya kibodi chenye picha ya ndege au ya mnara. Amri ya rfkill list inakwambia kama kizuizi ni cha programu au cha kifaa. Cha programu unakiondoa kwa amri, cha kifaa hakiondoki mpaka mkono wa mtu uguse swichi. Kuna zilizowekewa Windows na Linux pamoja, ambapo Windows, kwa ule mtindo wake wa kuzima nusu ili iwake haraka, inaiacha kadi katika hali ambayo Linux haiwezi kuiamsha. Unauzima mtindo huo ndani ya Windows na kadi inarudi. Kuna ulinzi wa Secure Boot unaokataa draiva iliyotoka nje ya keneli kwa sababu haijatiwa saini inayotambulika, na ujumbe wake unasema wazi kwamba ufunguo unaohitajika haupo.

Na kuna jambo moja ambalo huwa linanikera. Baadhi ya laptopu za ThinkPad na za HP za zamani zina orodha ndani ya baiosi ya kadi zinazokubalika. Unatoa kadi mbovu, unaweka nzuri uliyonunua kwa fedha yako, unawasha, na ThinkPad inasimama na kosa 1802 ikikwambia kadi hiyo haijaidhinishwa, uitoe. Kadi nzima, soketi ileile, umeme uleule. Mtu amenunua kompyuta yake lakini hana ruhusa ya kubadilisha kipande chake. Fundi asiyeijua habari hii atasema kadi uliyoleta ni mbovu, na mteja atanunua ya pili, nayo ikataliwe vilevile. Anayeusoma ujumbe wa skrini ataelewa mara moja kwamba anatakiwa atafute kadi yenye namba iliyo kwenye orodha ya modeli hiyo, au atumie kadi ya USB ya nje.

Kadi za USB nazo zina lao. Wanaokumbuka modemu za Huawei zilizoenea kwetu baada ya kebo ya baharini ya SEACOM kufika mwaka 2009 watakumbuka kwamba modemu ile ilipochomekwa ilijitokeza kwanza kama diski ya CD, yenye programu ya kusakinisha ya Windows. Kwenye Linux ilibaki hivyo hivyo, CD isiyo na faida, mpaka programu ya usb_modeswitch ya Josua Dietze ilipoipelekea ishara ya kubadilika kuwa modemu. Kadi kadhaa za waifai za bei rahisi zinazouzwa leo zina tabia hiyohiyo. Ukiandika lsusb ukaona kifaa kinajiita diski ilhali umenunua kadi ya mtandao, hapo hakuna uchawi. Kinasubiri kuambiwa kibadilike.

Sasa kuna kundi jingine kabisa la matatizo, ambalo naona linadhulumu Linux kuliko yote, kwa sababu kadi haihusiki hata kidogo. Waifai imeshika, alama inaonekana, lakini kurasa hazifunguki. Mtu akikosa maji bombani nyumbani, hakimbilii kubomoa bomba. Anafungua koki, anaangalia kama tangi lina maji, anamuuliza jirani, ndipo anaipigia simu mamlaka ya maji. Mtandao nao unafuatwa vivyo hivyo, kutoka karibu kwenda mbali, na kila hatua ina swali lake fupi.

Kompyuta imepewa anwani? Andika ip addr. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani kwa ruta, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapo tatizo liko kati ya kompyuta na ruta, au ruta imejaa. Ikiwa anwani ni sahihi, ruta inaitikia ukiiita kwa amri ya ping? Ikiwa inaitikia, namba 8.8.8.8, iliyo mbali kwenye intaneti, inaitikia? Ikiwa namba inaitikia lakini majina ya tovuti hayafunguki, umekwisha kujua kwamba njia iko wazi na kinachokosekana ni huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Hatua nne, dakika mbili. Aliyezipita anajua pa kutafuta. Ambaye hajazipita, hata akisakinisha mfumo mara tano, anabahatisha.

Habari ya saa ya kompyuta ndiyo ninayotamani ningemwambia kila mwenye laptopu ya mtumba. Ndani yake mna betri ndogo ya duara inayotunza saa hata kompyuta ikiwa imezimwa. Baada ya miaka kadhaa inakufa, na kila kompyuta inapowashwa saa inarudi nyuma miaka mingi. Tovuti za leo zinajithibitisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika. Kompyuta inayoamini kwamba bado ni mwaka 2012 itavikataa vyeti vyote, kwa sababu kwake bado havijaanza kutumika. Ping inapita, waifai imejaa, lakini benki haifunguki, barua pepe haifunguki, wala sasisho la mfumo halipakuliki. Watu wamefuta mifumo, wamebadilisha kadi, wameshutumu kampuni za simu, na dawa ilikuwa betri ya CR2032 inayouzwa hadi kwenye vibanda vya saa. Andika date. Ni amri fupi kuliko zote nilizotaja, na sijui kwa nini haifundishwi kwanza.

Nyingine ni ya kwetu hasa, kwa kuwa kompyuta zetu zimesafiri. Masafa ya waifai ya 2.4 GHz yamegawanywa katika chaneli, na laptopu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida hazigusi chaneli ya 12 na ya 13. Ruta iliyowekwa kwetu inaweza kuchagua chaneli ya 13, na ni halali. Matokeo yake simu zote nyumbani zinauona mtandao, laptopu moja tu haiuoni, ingawa inaiona mitandao ya majirani wote. Badilisha ruta iende chaneli ya 1, 6 au 11, na mtandao utatokea bila kuigusa laptopu.

Halafu kuna siku ambapo kosa haliko nyumbani kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku kama ile, aliyekuwa anajua kuuliza kutoka karibu kwenda mbali aligundua ndani ya dakika chache kwamba kadi yake nzima, ruta yake nzima, na njia inakatika mbali kuliko mkono wake unavyofika. Akaiacha kompyuta yake kwa amani.

Nimewahi kujibiwa kwamba haya yote ni ya wataalamu, mteja wa kawaida anataka kompyuta iliyo tayari kesho asubuhi. Naikubali haraka ya mteja. Mwalimu mwenye mitihani ya kuchapa hawezi kukaa kusoma dmesg. Lakini mwalimu hakuenda kwa fundi ili fundi naye asisome. Tofauti kati ya fundi na mwenye kompyuta inapaswa kuwa hiyo hasa: fundi anasoma kilichoandikwa na kompyuta, anakielewa, anakitafsiri. Kupiga Window kunachukua saa nzima au zaidi, ukijumlisha kuhamisha mafaili. Hatua nilizozitaja ni za dakika. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha haraka, kusoma kunashinda kufuta.

Wapo pia wanaosema lugha ndiyo kizuizi, kwamba ujumbe wa keneli ni wa Kiingereza kigumu. Hoja hii ni nzito zaidi, na sipendi inavyopuuzwa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na ulithibitisha kwamba kazi ya kuipa kompyuta maneno yetu inawezekana na kwamba wenye kuiweza wako hapa. Menyu zilikuwa mwanzo. Kilichobaki ni maelezo ya makosa. Ujumbe unaojitokeza mara kwa mara kuhusu kadi za mtandao hauzidi kurasa chache. Kuuandika kwa Kiswahili, kila ujumbe na maana yake na hatua inayofuata, ni kazi ambayo darasa moja la chuo linaweza kuimaliza katika muhula. Kijitabu cha namna hiyo kikibandikwa ukutani kwenye kibanda cha fundi kingeokoa kompyuta nyingi kuliko semina.

Mitihani yetu ya ufundi nayo ingepaswa kubadilika. Mwanafunzi wa kozi ya kompyuta, awe wa VETA au wa chuo binafsi, apewe mashine ambayo mwalimu ameiharibu kwa makusudi: famwea imeondolewa, au tarehe imerudishwa nyuma, au kizuizi cha rfkill kimewekwa. Asiulizwe ufafanuzi wa neno. Aulizwe kuna nini, na umejuaje. Sehemu ya pili ya swali ipewe alama nyingi kuliko ya kwanza. Anayejibu kwamba amesakinisha upya na ikafanya kazi apewe sifuri, kwa sababu kesho mashine hiyohiyo itamrudia na hatakuwa na la kumwambia mteja.

Mwisho nataka kuzungumza na wanaonunua kompyuta kwa wingi: halmashauri, shule, vyama vya ushirika, taasisi za dini zinazoanzisha maabara. Kadi za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k, iliyotolewa wazi na kampuni yenyewe mwaka 2008, zinafanya kazi bila kuhitaji faili lolote la famwea kupakiwa. Kadi za Intel zina famwea iliyofungwa lakini ruhusa ya kuisambaza ipo, na matoleo ya leo ya Ubuntu, Mint na Debian yanakuja nayo. Kadi nyingi za USB za bei ya chini ni bahati nasibu, kwa sababu mtengenezaji anaweza kubadilisha chipu ya ndani bila kubadilisha jina la kwenye boksi. Hizi ni taarifa za kununulia, na zinaingia kwenye mkataba kama unavyoingia ukubwa wa RAM na wa diski.

Kwa hiyo kabla ya kusaini kupokea mzigo, mtu mmoja wa kamati ya mapokezi aje na flashi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Achague mashine kadhaa, si zile ambazo muuzaji amezitanguliza. Aiwashe kila moja kutoka kwenye flashi, aangalie tarehe, aandike lspci -nnk na kunakili namba ya kadi na jina la draiva, aunganishe waifai, afungue ukurasa mmoja wa intaneti. Ambayo haikuunganika, sababu yake iandikwe kwenye fomu ya mapokezi kwa maneno yaleyale ya kompyuta, na muuzaji aijibu kabla hajalipwa.